Watano Walioisifu Tovuti Yangu

Jumatatu, 10 Juni
Mwalimu Ok ametangaza mashindano. Tovuti ya maktaba ya shule itakuwa moja tu: yangu au ya Tak Gyu-ri wa darasa la jirani. Kila mmoja atafute wanafunzi watano waijaribu. Watafute kitabu, wakiazime, basi. Mwenye tovuti anyamaze na kuandika. Ijumaa mwalimu ataamua. Mshindi atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha nyuma cha maktaba.

Ufunguo huo ninao mimi tangu mwaka jana. Chumbani humo ndimo ninamokula chakula cha mchana. Bwaloni kuna watu mia sita, na wote wana macho.

Jumanne, 11 Juni
Nimeiona tovuti ya Gyu-ri. Ukurasa mweupe, kisanduku cha kutafutia, vitufe vitatu. Maskini.

Yangu ina makundi kumi na tisa ya vitabu, na insha yangu kuhusu faida za kusoma, ambayo lazima uishushe hadi mwisho ndipo kitufe cha kuingia kitokee. Hata hivyo sitaki kubahatisha. Nimechagua watano, wote wa mwaka wa kwanza. Mimi ni wa mwaka wa pili. Mji mzima wa Suncheon hakuna wa mwaka wa kwanza atakayemwambia dada yake wa shule kwamba kazi yake ni mbaya. Nimewanunulia maziwa ya ndizi, kwa usalama.

Jumatano, 12 Juni
Jaribio. Wa kwanza, Ye-rang, ametumia dakika kumi na moja kutafuta kitabu cha nyota. Amekipata kwenye kundi la kilimo. Sijui kilifikaje huko. Nikamuuliza ameionaje tovuti. Akainamisha kichwa.

"Nzuri sana, dada. Mzito ni mimi."

Nikaandika: rahisi. Wa pili, wa tatu na wa nne wakasema vivyo hivyo. Wa tano, Cho-won, hakuufikia mwisho wa insha. Alisema inagusa moyo, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, hakurudi. Rahisi. Tano kwa tano!

Alhamisi, 13 Juni
Gyu-ri kachagua watu wa mwaka wa tatu. Wakubwa zake! Wamemsema bila huruma: herufi kama chawa, kitufe cha kuazima kimejificha, rangi za duka la dawa. Rahisi: mbili kwa tano. Nilikuwa nyuma ya rafu, nikasikia yote. Yeye akashukuru, akaandika, jioni akarekebisha kila kitu.

Nimemhurumia. Jioni yangu nimeitumia kuongeza aya mbili kwenye insha.

Ijumaa, 14 Juni
Msiba. Mwalimu Ok alizisoma karatasi zetu, akaenda bwaloni akarudi na Mama Bong, mpishi. Ana umri wa kutosha kumwita mkuu wa shule kijana. Hakuna mtu hapa anayelazimika kumpendeza.

Alitaka kitabu cha kupanda pilipili. Kwa Gyu-ri, sekunde arobaini. Kwangu aliteremka, akateremka, akavua miwani, akaifuta, akateremka tena.

"Binti, nimeomba pilipili, wewe unanihubiria. Kitabu kiko wapi?"

Nilitakiwa kunyamaza, nikanyamaza.

"Aliyeandika haya yote hana mtu wa kuongea naye?"

Mwalimu Ok akatazama dirishani. Nimeurudisha ufunguo.

Jumatatu, 17 Juni
Bwaloni. Meza ya kona. Supu ya maharage imepoa nikitafuta pa kuweka macho.

Gyu-ri akaja na sinia lake, akakaa bila kuuliza. Akasema kuanzia kesho nikale naye kule chumba cha nyuma, yeye hapendi kula peke yake. Kisha akaniomba nimtengenezee fomu ya wanafunzi kupendekeza vitabu, kwa kuwa mimi nasoma kuliko wote.

Nimeimaliza kabla ya kengele ya mwisho. Maswali arobaini na moja, yote ya lazima. La kumi na mbili linataka muhtasari wa kitabu, usiopungua maneno mia tatu. Gyu-ri ameitazama kwa muda, akauliza kama kuna mtu aliyeijaribu. Nimemwambia ndiyo. Nimeijaribu mwenyewe mara mbili, na sikukwama popote.