Jinsi Fundi Sekunde Alivyouteka Ukuta

Sogeeni karibu, enyi mliowahi kuambiwa njoo kesho, enyi mliosimama dirisha hili mkaelekezwa dirisha lile. Zimeni simu zenu mnisikilize. Nataka kusimulia vita vilivyopiganwa bila kumwaga chochote ila wino, na ushindi ambao mfano wake haujaonekana katika mtaa ule tangu mtaa upate lami. Ewe muhuri wa mpira, mwenye kunguruma juu ya meza, upe ulimi wangu nguvu. Nawe karatasi ya kaboni, hakikisha kila neno linabaki katika nakala tatu.

Alikuwepo shujaa, Fundi Sekunde, bingwa wa bisibisi nyembamba, mtiisha springi, mfufuaji wa saa zilizokatiwa tamaa, ambaye kwa jicho moja lenye lenzi aliona kosa ambalo wengine hawalioni kwa macho mawili. Lakini bingwa huyu alikuwa na aibu yake, msinicheke nikiitaja. Nyumbani kwake hapakuwa na saa ukutani. Saa ya arusi yao, ya mbao nyekundu, yenye mlio wa kuamsha majirani, ilikuwa imelala ndani ya boksi chini ya kitanda kwa miaka kumi na mmoja, kwa sababu kila mwenye nyumba aliyewapangisha alitoa amri ileile: ukuta wangu haupigwi msumari. Walihama nyumba nne, na boksi likahama nao.

Basi asubuhi moja mkewe, malkia ambaye subira yake ilikuwa imefika ukingoni, alisimama katikati ya chumba akahutubia.

"Mume wangu," alinena, "nimekuvumilia mengi na sijakudai dhahabu. Nataka ukuta. Ukuta wangu mwenyewe, nipige msumari, ukipinda niuache umepinda, nisimwombe mtu ruhusa. Ile nyumba ya vyumba viwili nyuma ya zahanati inauzwa. Usipoinunua, hii saa nitaizika, na mazikoni utakuja."

Fundi alijua mkewe hatanii kwenye mambo ya saa. "Nimesikia, mke wangu," akajibu. Akavaa shati lake la kola kama mtu avaaye deraya, akatoka kwenda kutafuta wakili.

Wako wanaochagua wakili kwa kuulizia jamaa, na wako wanaochagua kwa ukubwa wa kibao mlangoni. Fundi Sekunde alitumia kipimo alichokijua yeye. Alitazama saa ya ukutani.

Wakili wa kwanza aliletwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa kujuana na kila mtu. Huyo alicheka sana, akasema "usijali" mara tisa kabla chai haijapoa, akaeleza kwamba hati ziko tayari, ni kusaini tu. Tena kwa bahati njema yeye ndiye wakili wa muuzaji pia. Fundi akainua macho. Saa ilikuwa mbele kwa robo saa. Huyu anapenda watu wawahi kuondoka, akawaza, akaaga. Shemeji alinuna wiki nzima.

Wa pili alikuwa na kiti cha ngozi na zulia linalomeza viatu. Saa yake ilionyesha saa nne na dakika kumi. Walipoagana bado ilikuwa saa nne na dakika kumi, na ile plastiki ya dukani ilikuwa haijabanduliwa kwenye kioo.

Wa tatu alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mkutubi, ofisi yake ghorofani juu ya mshona viatu, ngazi inanuka gundi. Saa yake ilikuwa ya zamani, ya kujazwa kwa ufunguo, na chini yake pamebandikwa karatasi: "Saa hii huchelewa dakika tatu kwa siku. Nimeirekebisha leo." Chini ya maneno hayo ilishuka safu ndefu ya tarehe, kila tarehe na sahihi yake.

Fundi aliisoma karatasi ile kutoka juu mpaka chini. Maisha yake yote watu walimletea saa mbovu wakiapa hazijawahi kuanguka. Leo amempata mtu anayetangaza ubovu wa kitu chake mwenyewe, kwa maandishi.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi nini?" akauliza Wakili. "Hujaniambia hata shida yako."

Siku nne mama yule alizama katika madaftari ya ofisi ya ardhi, akaibuka na vumbi mabegani na habari nzito. "Muuzaji hakukudanganya," alisema, "ila hakumaliza kusema. Nyumba waliachiwa na baba yao, yeye na dada yake, na hati ina majina mawili. Ukinunua kwa sahihi ya mmoja, umenunua nusu. Na hawa wawili hawajasemeshana miaka kumi na tisa, tangu walipomzika baba."

"Ukuta wangu uko nusu ipi?" akauliza mke wa Fundi.

Baraza likaitishwa ofisini kwa Wakili. Muuzaji, dereva mstaafu wa lori, alikaa kushoto. Dada yake, muuguzi mstaafu, alikaa kulia, mkoba magotini kama ngao. Katikati ya majeshi hayo ililala hati ya uhamisho. Mke wa Fundi alikaa karibu na mlango, nyundo ndani ya mkoba, kwa matumaini.

"Sisaini," akatangaza dada mtu. "Nilisema mazikoni na leo narudia. Sisaini mpaka aseme alichofanya."

"Nilifanya nini?" akauliza kaka, macho darini.

"Unajua."

Wakili akaitazama kalamu, kalamu ikamtazama Wakili. Hapo ikasikika saa ile ikichechemea ukutani, na Fundi Sekunde, aliyekuwa ameapishwa na mkewe asiguse tena saa za watu bila kuombwa, alivumilia dakika sita, jasho likimtoka, kisha akashindwa. Akapanda kiti, akaishusha, akailaza kando ya hati, akachomoa bisibisi mfukoni kwa ujasiri wa mashujaa wa kale. Mkewe akafumba macho.

Kifuniko kikafunguka. Kaka na dada wakainama wote wawili, maana hakuna binadamu awezaye kutotazama saa ikifunguliwa.

"Kama ya baba," akasema dada, bila kumsemesha mtu.

Fundi hakuinua kichwa, akaendelea kusafisha gurudumu moja dogo, na kwangu mimi huo ndio uliokuwa ushujaa wake mkubwa.

"Ile ya baba," kaka akasema polepole, "niliifungua mimi. Nilitaka kuona ndani. Nikashindwa kuirudisha."

"Na akachapwa nani?"

"Wewe. Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia."

"Baba amekwenda kaburini akijua ni mimi."

"Najua, dada. Nilipaswa kusema akiwa hai. Nisamehe."

Dada alilia kidogo, akapangusa uso kwa leso, akamwambia ndugu yake kwamba amenenepa. Halafu akachukua kalamu.

Sahihi zikaanguka ukurasa baada ya ukurasa, muhuri ukanguruma mara tatu. Fundi akatia tone moja la mafuta, akairudisha saa mahali pake, nayo ikatembea bila kuchechemea. Wakili alisikiliza kwa makini, akaibandua ile karatasi, akaandika chini kabisa "Imepona" na tarehe. Wala hakukubali kuibandika tena mpaka kaka na dada walipotia sahihi zao bega kwa bega, kama mashahidi.

Jumamosi yake, katika nyumba ya nyuma ya zahanati, boksi likafunguliwa. Mke akainua nyundo. Pigo la kwanza likaukunja msumari, la pili likaukunja zaidi, la tatu likaubamiza ndani hivyohivyo. Saa ya mbao nyekundu ikaning'inia, imeegemea kushoto kabisa. Bingwa wa bisibisi akafungua kinywa. Mkewe akamtazama. Bingwa akafunga kinywa.

Na iandikwe hivi, wajukuu waje kusoma: kwamba siku hiyo, saa tano kamili na sekunde kumi na mbili asubuhi, msumari uliingia ukutani, ukapinda, na hapakuwa na mtu wa kuombwa ruhusa.