Homa ya Ekskaveta

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ilianza vizuri mno. Meneja anakuja kukagua! Nimeiosha ekskaveta, ile mashine ya mkono mrefu wa kuchimba, kwa pampu ya presha. Dakika arobaini na tano. Kuanzia minyororo hadi ndani ya injini, kwenye nyaya, ambako wavivu hawafiki. Ikang'aa kama sufuria ya bi arusi.

Saa nane Meneja akafika. Nikaiwasha. Taa nyekundu! Dashibodi ikasema maji ya injini yana joto la nyuzi 118, na mashine ikajipunguzia nguvu yenyewe. Nikagusa injini. Baridi kama jiwe la mtoni.

Meneja akasema ikifika Ijumaa haichimbi, nitahamia langoni na rungu na daftari la wageni. Benchi langu la kazi atapewa Mpwa.

Mpwa! Binti wa marehemu dada yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Leo ana mita ya kupimia umeme, na watu humsalimia yeye kwanza.

Tangu nikimbie kwetu ni miaka thelathini na moja. Nimehama nyumba kumi na moja. Benchi ni lilelile. Sitoki.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Uchunguzi umekamilika. Joto hupimwa na sensa, kidude kisichozidi kidole gumba, kilichozama kwenye maji ya injini. Nimekata shauri: sensa ni mwongo.

Mke wangu akauliza kama nimepima nyaya zake. Nikamjibu kwamba mtu aliyesoma vitabu mia nne hapimi uongo, huunusa. Akasema basi ninuse na jikoni, maana chungu nilichoachiwa kinaungua.

Mpango: kuipoza. Nimeimwagia sensa na soketi yake, pale waya wa umeme unapochomekwa, ndoo mbili za maji baridi.

Nyuzi 124! Inanidhihaki.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango mkubwa. Greda anayoitunza Mpwa, ile ya kusawazisha barabara, ina sensa ya aina ileile. Alipokwenda kula nikabadilisha haraka. Sensa yake nzima, kwangu. Mwongo wangu, kwake. Mimi nipone, yeye augue! Maji ya rejeta yamenimwagikia hadi kwenye soksi, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Matokeo. Ekskaveta: 122. Greda: 84, kama kawaida, inanguruma kwa furaha.

Maajabu! Mgonjwa kapona kwa jirani, mzima kaugua kwangu. Nimelitafakari jambo hili saa mbili nzima, kalamu mkononi. Hitimisho: sensa huchukua tabia ya mwenye nayo, na ya Mpwa ina kiburi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Asiye na ulimi hasemi uongo. Nimeichomoa soketi ya sensa kabisa.

Dashibodi sasa inasema nyuzi arobaini chini ya sifuri. Mashine imegoma vilevile. Dereva wake, tunayemwita Bwana Subira kwa sababu hajawahi kuwa nayo, akatoa kichwa dirishani akapaza sauti karakana nzima isikie: "Mzee, niletee blanketi! Leo tunachimba barabara au barafu?"

Watu wakashika mbavu. Mpwa naye alicheka, ila alijifunika mdomo. Adabu hiyo nilimfunza mimi.

Jioni nilipita langoni, nikalinyanyua rungu kidogo tu, kujaribu. Zito. Kiti cha mlinzi hakina mahali pa kuweka kitabu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilikwenda kwa Mpwa kuamuru. Nilipofungua mdomo, likatoka ombi. Nikaungama na habari ya kubadilisha sensa. Akasema anajua tangu Jumatano, maana nilisahau spana yangu namba kumi na tisa juu ya injini ya greda.

Kisha akaniuliza, "Mjomba, sensa mbili nzima zikiongopa mahali pamoja, mwongo ni sensa au ni mahali?"

Nikasema swali hilo ni zito, linahitaji muda. Hakunipa. Akaenda kwenye ekskaveta, akaigeuza soketi ya waya chini juu. Yakadondoka matone matano ya maji. Nimeyahesabu. Akaeleza kwamba maji yakiunganisha pini mbili za soketi, umeme hupita njia ya mkato, na kompyuta ya mashine hudhani injini inachemka. Nikapendekeza kwamba ni umande. Akanionyesha pampu ya presha kwa kidole.

Akaikausha, akaichomeka. Nyuzi 29! Saa tano na robo ekskaveta ilikuwa inachimba.

Mbele ya Meneja akasema Mjomba ndiye aliyethibitisha kwamba sensa ni nzima, kwa kuihamishia kwenye greda. Kweli tupu, na bado nilitamani kuingia chini ya benchi. Benchi langu! Nimekaa hapo hadi jioni, nikipapasa alama ya msumeno ya mwaka wangu wa kwanza.

Ameniomba jambo moja tu. Nisielekeze tena pampu ya presha kwenye nyaya za ekskaveta. Nimeapa kwa kaburi la mama yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Fadhila hulipwa kwa fadhila. Nimefika karakana kabla ya wote na kumwandalia Mpwa zawadi ya ghafla: nimemwoshea greda. Saa nzima, presha ya mwisho, ndani ndani kwenye nyaya. Kiapo sijakivunja. Kilihusu ekskaveta. Greda haikutajwa.

Amefika, ameiona inavyong'aa, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Furaha ikizidi hupanda kichwani. Akaiwasha.

Nyuzi 121.

Maskini mwanangu. Sasa naye ataamini kwamba sensa ni waongo. Nimemwambia asihangaike na mita yake, Mjomba yupo. Nimekwisha kujaza ndoo mbili.