Swichi Zote Ziko Juu

Jumatatu, 4 Agosti
Leo historia ya soko letu la Kwa Vonza imegeuka, ingawa Kwa Vonza yenyewe haijui. Daud anafungua duka la nyama na maziwa ya ngamia Jumamosi. Anataka ubao mlangoni, uliochongwa ngamia mzima. Nimemkuta jirani yangu Kalondu, mchongaji, tayari anapima mbao kwa kiganja. Kwa kiganja! Nikamwambia Daud mashine yangu itachonga kwa saa moja kile ambacho tezo ya Kalondu inachukua siku tatu. Kalondu akacheka mpaka akaweka tezo chini. Daud ni mtu wa haki: kila mmoja achonge wake, wa kupendeza zaidi ndio utapanda mlangoni.

Mashine haijakamilika. Jambo dogo.

Jumanne, 5 Agosti
Mke wangu Ndinda ametoa masharti. Karakana yangu ni nyumba ya kuku wake, niliyoazima Januari kwa wiki mbili. Tangu hapo kuku wanaishi jikoni. Jana mmoja alitaga ndani ya sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Sasa Ndinda anasema ngamia wangu asipopanda mlangoni kwa Daud, mimi natoka, kuku wanarudi. Nimekubali kwa dharau. Bila hiki chumba mimi ni mzee tu mwenye waya mfukoni.

Nimefunga draiva mbili, vile visanduku vinavyosukuma mota. Moja ya kwenda kando, moja ya kupanda na kushuka. Zinapokea amri kutoka kwa kompyuta saizi ya kiberiti, yenye programu ya bure ambayo watu wa dunia nzima wameiandika pamoja. Draiva ya pili nimeifunga kichwa chini, maana waya haukufika. Kila moja ina swichi ndogo kama punje za mchele, za kuchagua kama mota ipige hatua ndefu au fupi. Nimezisukuma zote juu. Juu ni juu.

Alhamisi, 7 Agosti
Mota zinazunguka! Kando, juu, chini! Ndinda akaja na tepu. Akasema, Baba Kanyiva, hebu pima kama inaenda ule umbali umeiambia. Nikamjibu tepu ni ya watu wenye wasiwasi.

Nimejigamba kidogo mtandaoni, kwenye jukwaa la wenye programu ile. Mtu nisiyemjua ameuliza kama swichi za draiva zote mbili zimekaa sawa. Wivu umefika hadi ng'ambo! Nimemwandikia kwamba zote ziko juu, na mimi si mtoto.

Kalondu anapiga tezo tangu asubuhi. Ko, ko, ko. Ngamia wake bado hana kichwa. Nimemhurumia.

Ijumaa, 8 Agosti
Stima imepotea. Kalondu anaendelea kupiga, hana habari. Nikamweleza kwamba chombo kisichohitaji stima hakina maendeleo. Akanikaribisha chai.

Stima imerudi saa tisa mchana. Nimeingiza mchoro wa ngamia na kufunika mashine kwa shuka, Kalondu asije akaiba siri. Ilinguruma vizuri sana huko chini. Ilipomaliza nikaufungia ubao ndani ya shuka lake bila hata kuchungulia. Kama bwana harusi mwenye subira.

Jumamosi, 9 Agosti
Nataka kuhama.

Watu walijaa kwa Daud. Ngamia wa Kalondu alikuwa na shingo, nundu, hata ule mdomo wa kudharau watu. Nikavuta shuka langu. Mama yake Daud, Mama Nadifa, akavaa miwani, akasogea, akasema ni kobe mzuri sana.

Upana ulikuwa sawa kabisa. Kimo, nusu! Miguu vijiti vya kiberiti, shingo imelala, nundu imekuwa gamba. Nikasema huyu ni ngamia aliyepumzika. Daud, aliyekulia kati ya ngamia, akanijibu kwa upole kwamba ngamia akipumzika hukunja miguu, hawi nusu. Ubao wa Kalondu ukapanda.

Kalondu alinifuata karakanani. Akainamisha kichwa mbele ya draiva kama anatafuta kiroboto. Akasema hii moja umeifunga kichwa chini, kwa hivyo juu ya swichi zake ni chini. Nikamwomba mchongaji asiingilie mambo ya umeme.

Saa kumi kuku wakaingia kwa mstari, jogoo mbele.

Jumatano, 13 Agosti
Sijashindwa! Ndinda ameniachia kona moja ya chumba, mradi niwe na faida. Nimewatengenezea kuku mlango unaojifungua wenyewe asubuhi. Mlango ni ule ubao wa kobe. Unavutwa na mota ya kupanda na kushuka, na draiva yake ileile, bado kichwa chini, imeshazoea. Swichi nimezihakiki kwa kidole. Zote juu. Ndinda akaninyooshea tepu, nikairudisha.

Leo saa kumi na mbili kamili asubuhi kobe akapanda, akafika nusu, akasimama. Vifaranga wakatoka. Jogoo na kuku wakubwa wakabaki ndani wakipiga kelele, na Ndinda amesimama na bakuli la mahindi, ananiangalia.

Nimefikiri sana. Jibu liko wazi. Nimemwambia apunguze mahindi, kuku wake wamenenepa.