Msafara Rasmi wa Chania Rovers kwenda Nanyuki

Wananchi wa Nyeri wanaarifiwa kwa furaha kwamba timu yao haiendi tena ugenini ovyo ovyo. Kuanzia msimu huu wa 1968 inakwenda kirasmi, kwa gari moshi, chini ya Kamati ya Uratibu wa Safari za Ugenini, ambayo mimi ni Katibu wake. Safari ya kwanza, kutoka stesheni yetu ya Kiganjo hadi Nanyuki, imekwisha kufanyika. Ilifaulu. Naeleza jinsi ilivyofaulu kwa sababu mjini kuna maneno.

Zamani Chania Rovers walikuwa wakidandia lori la viazi. Walifika wamejaa vumbi, wakacheza, wakashinda, wakarudi. Kamati iliona aibu hiyo haiwezi kuendelea, ikakodi behewa zima la daraja la pili.

Mwenyekiti wetu, Bwana Kihara, alielekeza kwamba viti vigawanywe kwa kufuata uzito wa dhamana. Dhamana nzito zikakaa kwanza: mwenyekiti, makamu wake, makamu wa makamu, mhazini, wajumbe, mchungaji wa kuombea reli, na mama mkwe wa mwenyekiti, ambaye ana dada yake Nanyuki. Behewa likajaa. Wachezaji walikuwa bado wamesimama stesheni.

Kocha ni Huseni, fundi cherehani wa Majengo, mtu asiyejua taratibu.

"Mzee Kihara, na hawa vijana?"

"Hawa ni watekelezaji, Huseni. Msafara ni wa wasafiri."

"Sasa watatekeleza nini wakiwa Kiganjo?"

"Kuna gari la mizigo nyuma yetu. Mabehewa ya ng'ombe, yanaenda matupu kuchukua mifugo ya Doldol. Hewa safi kabisa."

Khisa akanivuta kando. Huyu ndiye mfungaji wetu, kijana wa Kakamega anayeishi kwa kibarua cha kubeba magunia.

"Mama, leo kuna mtu anatoka Nairobi kuniangalia. Bwana Oloo, wa ile kampuni iko na timu. Akinipenda, niko na kazi ya kudumu na nyumba. Na bibi yangu Khavere karibu ajifungue. Sasa nikichelewa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba gari la mizigo hufika likipenda. Kisha nikapanda behewani, maana dhamana yangu ilikuwa na kiti.

Kuhusu traksuti mpya nyekundu zenye jina la timu mgongoni: ni kweli zilivaliwa na Kamati. Zilivaliwa ili moshi wa injini usizichafue zikiwa hazina mtu ndani. Chapati za wachezaji nazo zilikaguliwa kama ni salama. Kufikia Naro Moru zilikuwa zimekaguliwa zote.

Nanyuki tulipokewa na Mheshimiwa Waziri Mdogo, mgeni wa heshima wa siku hiyo, na mashabiki wengi wa wenyeji.

"Ati hii ndio timu?" mmoja akapiga kelele. "Golkipa ako na tumbo ya kuziba goli yote!"

"Wacha madharau," mwenzake akamjibu. "Hawa hawakimbii, wanabingirika."

Waziri Mdogo akamshika mwenyekiti mkono. "Kihara, wachezaji wamesafiri vizuri?"

Mwenyekiti angeweza kusema kwamba wachezaji wako kwenye behewa la ng'ombe. Lakini kiongozi hamwambii waziri jambo kama hilo.

"Vizuri sana, Mheshimiwa. Ndio hawa."

"Na wewe umevaa kama wao!"

"Mimi ndiye kapteni, Mheshimiwa."

"Safi! Huo ndio uongozi wa vitendo. Haya, twendeni uwanjani."

Hivyo ndivyo Kamati ilivyocheza. Mchungaji aliwekwa golini kwa kuwa amezoea kuinua mikono. Mhazini alicheza kiungo, na kwa desturi yake, kitu kilichomfikia hakikugawanywa. Makamu wa makamu hakugusa mpira kabla makamu hajaugusa. Hadi mapumziko Nanyuki walikuwa na mabao sita, ambayo Kamati haijayapitisha.

Bwana Oloo alikuwa amekaa kando yangu na mwavuli wake.

"Mama, Khisa ni yupi hapo?"

"Yuko njiani."

"Njiani na nani?"

"Na ng'ombe. Ila ng'ombe hawajapanda bado."

Akasimama. "Mimi narudi Nairobi."

Nikamshika koti. Nimelea wana watano, najua kumkalisha mwanamume. "Kaa," nikamwambia. "Umetoka mbali, hata chai hujanywa."

Akakaa. Alikuwa kwenye kikombe cha pili wachezaji wetu walipoingia mbio kutoka stesheni, wananuka zizi. Refa, sajini mmoja wa polisi, alisema wawili tu ndio wataruhusiwa kuingia.

Hapo Kamati ilifanya kikao chake cha moto kuliko vyote. Kila mjumbe alijitolea kutoka.

"Itifaki ni mwenyekiti kwanza!" Kihara akasema, akihema.

"Hapana, mzee," Huseni akajibu. "Kapteni hatoki. Umemwambia Waziri mwenyewe."

Akawatoa mchungaji na mhazini. Mutahi, golkipa wetu wa kweli, akaingia golini, na hakuna kilichompita tena. Khisa akaingia mbele. Hakuna aliyempa pasi. Alikwenda kuuchukua mpira mwenyewe miguuni mwa watu, akafunga matatu, la mwisho akimzunguka beki mmoja wa Nanyuki na makamu wetu pia, aliyekuwa amesimama njiani.

Bwana Oloo akafunga mwavuli. "Amefunga matatu akiwa peke yake. Nikimpa wenzake je?" Akashuka uwanjani kumpa mkono.

Khisa alinijia machozi yanamtoka. "Mama, naanza Jumatatu. Iko na nyumba!"

Kisha Waziri Mdogo akahutubia. Alisifu nidhamu ya Nyeri. Alisema amesikia kijana Khisa anachukuliwa na Nairobi, na taifa linampongeza. "Lakini pengo hilo atalijaza nani?"

Bwana Kihara alikuwa amelala nyasini, mama mkwe akimvuta vidole vya miguu vilivyokaza.

"Kapteni Kihara!" Waziri Mdogo akasema. "Mtu aliyecheza mpaka akaanguka! Yeye ndiye atacheza mbele, na kila mechi ya ugenini nitakuja kumwona mwenyewe."

Mwenyekiti alijiinua kukataa. Watu wakadhani anashukuru, wakampigia vigelegele.

Kwa hiyo mazoezi ni kila jioni, uwanja wa Majengo. Mechi ijayo ni dhidi ya askari jela. Jana mwenyekiti aliniuliza, mikono magotini, kama taratibu zinamruhusu kujiuzulu. Nikamwelekeza kwa kocha.

"Kimbia kwanza, mzee," Huseni akamwambia. "Tutaongea ukirudi."