Uwanja Wetu Umeota Mlenda

Kamati ya Wapenzi wa Mpira,
Timu ya Nguvu Kazi,
Kijiji cha Ujamaa Tumaini,
Wilaya ya Manyoni.
Februari, 1975

Ndugu Afisa Utamaduni wa Wilaya,

YAH: MAOMBI YA UWANJA MPYA WENYE UKUTA, NA MALALAMIKO JUU YA MBOGA

Pokea salamu za kijiji kizima, wazima pamoja na wagonjwa. Huku kwetu mvua zimenyesha vizuri, uwele umesimama na ng'ombe wameshiba. Kila kitu kimeshiba isipokuwa roho yangu.

Mimi ni Melkizedeki Isaka, Katibu wa Kamati iliyotajwa hapo juu. Tumesikia kwamba wilaya ina saruji ya kusaidia kijiji kimoja tu kujenga uwanja wa mpira kwa kujitolea, na kwamba kitakachopewa ni kile chenye mashabiki wengi kuliko vingine. Tumesikia pia kwamba Kintinku wameshaandika. Basi na sisi tunaandika, na naomba usome mpaka mwisho kabla hujacheka. Hili si jambo la mzaha. Vijana wetu watano, akiwemo golikipa Gaspari, wametamka wazi kwamba wasipopata uwanja wa maana, mvua zikiisha wanapanda treni kwenda Tanga kukata mkonge. Wakienda hao timu imekufa, na wazee wao watabaki kulima peke yao. Malalamiko yetu ni haya:

1. Uwanja tulio nao zamani ulikuwa zizi. Kabla ya Operesheni kutuleta hapa mwaka jana, kuna ukoo ulifuga ng'ombe mahali hapo tangu enzi za mababu. Viongozi walipokuja kupima kijiji waliona pamesawazika wakasema hapa patafaa kwa michezo. Hakuna aliyeuliza chini kuna nini. Chini kuna samadi, Ndugu Afisa, ukichimba unachoka kabla hujaifikia ardhi. Mvua ya kwanza ilipopiga, uwanja wote uliota mlenda, tena si huu wa kuokoteza porini. Majani yake ni mapana kama sikio la mbuzi. Kwa mboga ni neema. Kwa mpira ni msiba.

2. Mpira unapotea. Timu ya Kilimatinde walipokuja kucheza nasi, mpira uliingia kwenye mlenda karibu na kibendera cha kona, na wachezaji wote wa pande mbili wakainama kuutafuta. Aliyeupata ni Mama Luciana, mjane wa hapa kijijini, ambaye alikuwa anachuma mboga yake ya jioni. Alikuwa ameshauweka kwenye kikapu. Tulipomwomba aurudishe alijibu kwamba ataurudisha, ila tuangalie tusimpondee mboga.

3. Uwanja unateleza. Wewe ni mtu wa huku huku, unajua mlenda ukipondwa unakuwaje. Tulipata penati siku hiyo, kapteni wetu akarudi nyuma, akakimbia kwa hasira zote, akateleza, akaenda golini yeye, mpira ukabaki.

4. Adabu inatumaliza. Hapa naomba unisikilize vizuri. Akina mama wa kijiji hiki huchuma mlenda wakati wa mechi, kwa sababu jioni ndiyo saa ya mboga, na jioni ndiyo saa ya mpira. Hakuna anayetaka kubadilisha saa yake. Winga wetu akipata mpira akaanza kukimbia, hukutana na akina mama walioinama, wote wa rika la mama yake mzazi. Sasa apite tu kama ng'ombe? Kijana aliyelelewa hawezi. Husimama, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu," huyu shikamoo, na yule shikamoo, na mwingine anauliza kama bibi yake amepata nafuu. Akimaliza kujibu habari za bibi, mpira uko golini kwetu.

Na golini kuna nini? Gaspari, golikipa, ni mtoto wa kuzaa wa Mama Luciana. Kipindi cha pili mama yake alimwambia, "Gaspari, hebu nishikie kikapu niufikie ule wa nyuma ya mlingoti." Akashika. Ungekuwa wewe ungekataa? Bao likaingia akiwa amekumbatia kikapu, na mboga haikumwagika hata kidogo. Kilimatinde wakatufunga kwa bao hilo moja.

5. Refa naye. Refa wetu ni Mwalimu Mathayo, mtu wa haki kabisa, lakini amemwoa dada yake Gaspari. Kwa hiyo Mama Luciana ni mkwe wake. Mila zetu unazifahamu, mtu hakutani macho na mama mkwe. Kila Mama Luciana anapokatiza uwanjani, refa huinamisha kichwa na kugeukia vichakani mpaka mama apite. Katika kugeuka huko vijana wetu wamepigwa ngwala, wamevutwa jezi, na mmoja aling'atwa. Nilipomlaumu Mwalimu alinijibu kwamba filimbi ni ya wilaya lakini mke ni wake.

6. Tulipeleka suala hili kwenye mkutano wa kijiji, tukaaibika. Nilisimama nikaomba akina mama wakatazwe kuchuma siku za mechi. Aliyesimama kunijibu ni Damari, ambaye ni mke wangu wa ndoa. Alisema hivi mbele ya watu wote: ardhi ni mali ya wote, mlenda ameuotesha Mungu, mpira mmeuleta ninyi, sasa nani amemvamia nani? Akasema tumeambiwa siasa ni kilimo, na hajasikia kiongozi yeyote akisema siasa ni mpira. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa ameahidi kuniunga mkono, akatangaza mkutano umefungwa maana anaona wingu la mvua. Haki ya Mungu, mbingu zilikuwa nyeupe.

7. Tangu mkutano huo, nyumbani kwangu ninaletewa ugali wa uwele na maji ya chumvi. Wajumbe wote wa Kamati wanakula hivyo hivyo. Tumevumilia, lakini ugali wa uwele bila mlenda, Ndugu Afisa, unashuka kooni kama mtu anayekwenda kulipa faini.

8. Kwa hiyo tunaomba uwanja mpya, na usiwe na udongo unaoonekana. Upigwe saruji kuanzia kona hadi kona, mlenda ukose pa kutokea. Kamati imezingatia kwamba wachezaji watachubuka magoti, ikaona magoti hupona.

9. Tunaomba ukuta kuuzunguka, mrefu kumzidi mwanamke aliyejitwisha kikapu kichwani. Mlango uwe mmoja. Mlinzi wake asitoke hapa kijijini wala vijiji vya jirani, kwa sababu lazima atakuwa mkwe wa mtu, au mtoto wa mtu, au atapenda mboga. Aletwe kutoka mbali, hata Nduguti, ambako hatujaoa. Refa naye awe kapera, na atie sahihi kwamba hataoa mpaka ligi iishe.

10. Sasa kuhusu mashabiki, ambao ndio kipimo chenu, hapa tunatembea kifua mbele. Hakuna timu wilaya hii yenye mashabiki kama sisi. Waulize Kilimatinde, walishangaa. Mashabiki wetu hufika kabla ya wachezaji. Hata siku za mazoezi wapo. Mvua ikinyesha hawakimbii, wanajifunika magunia na kubaki uwanjani. Tukifungwa hawazomei, wanabaki pale mpaka giza linaingia. Nimewahi kuwahesabu kutoka juu ya paa la nyumba yangu ya tembe, ambayo iko nyuma ya goli, nikaishia njiani kwa wingi wao. Umati kama huo unastahili jukwaa, mabenchi, na paa la kuwakinga. Kintinku wana nini? Wana wazee wachache wanaokaa chini ya ukuta wa kituo cha treni, na hao wamekuja kungoja treni.

Ndugu Afisa, mkataa wengi ni mchawi, na sisi ndio wengi. Tupe saruji hiyo. Nguvu kazi ya kufyatua matofali tunayo, maji tunayo, na hasira ya kutosha kujenga hata viwanja viwili tunayo.

Wasalimie wenzako wote hapo ofisini, na yule karani mfupi aliyetupa chai tulipokuja Desemba. Msalimie mama watoto na watoto. Mwenyekiti wa kijiji anakusalimu, Mwalimu Mathayo anakusalimu akiwa ameinamisha kichwa. Damari hakusalimu, lakini hasira hiyo ni kwangu mimi, siyo kwako.

Ni mimi mwenzako katika jasho na utelezi,

Melkizedeki Isaka,
Katibu.

N.B. Ndugu Afisa, barua hii ilikaa siku nyingi baada ya kugongwa muhuri kwa sababu korongo limejaa na basi halijapita. Karatasi za ofisi ya kijiji zimekwisha, kwa hiyo siwezi kuandika nyingine, na nafasi iliyobaki ni hii ya chini. Naomba uyasome haya kwa makini kuliko ya juu.

Jumapili tulirudiana na Kilimatinde. Ili tukuonyeshe mfano wa uwanja tunaoutaka, Kamati iliamua mechi ichezwe kwenye kiwanja cha shule. Pale pamefagiwa, pagumu, hakuna hata jani, na tulizungushia miiba. Mlangoni nilisimama mimi mwenyewe kupokea mashabiki.

Hawakuja. Nilisimama mpaka mapumziko. Walioingia ni wajumbe wa Kamati na mbuzi wa Mwalimu. Nilituma mtu nyumbani akamuulize Damari watu wako wapi, akarudi na jibu kwamba Damari ameuliza, kwani huko shuleni kuna mboga gani? Lo! Nilikaa chini. Kumbe umati wote ule niliokuwa nikiuhesabu kutoka juu ya tembe, nilikuwa nahesabu vikapu.

Tulifungwa mabao manane. Hakuna aliyeteleza, hakuna aliyesimama kutoa shikamoo, refa hakugeuka hata mara moja. Vijana walicheza katika ukimya kama watu waliofiwa, na Gaspari alikuwa kila mara anatazama nyuma ya goli. Baada ya mechi nilimwendea nimgombeze. Aliniambia, "Mzee Katibu, kule kwetu mama huwa anachuma huku ananiambia, 'Gaspari, anakuja huyu wa kushoto! Gaspari, usitoke!' Leo sikusikia mtu." Kijana mkubwa vile, machozi yanamlengalenga. Halafu akasema tukihamia uwanja wa saruji, yeye Tanga anakwenda kesho yake. Tukirudi kwenye mlenda, anabaki. Wale wengine wanne wakasema na wao hivyo hivyo.

Niliumia sana, sikufichi. Nikaenda nyumbani nikamweleza mke wangu yote. Alitandika mkeka akaniletea ugali, na pembeni bakuli la mlenda uliowekwa karanga. Nilikula mpaka nikasahau matokeo.

Kwa hiyo Kamati imekaa upya na kuamua kwamba saruji wapewe Kintinku, na tunawapongeza. Malalamiko namba moja hadi namba kumi yafutwe. Sisi tunaomba mpira mmoja tu wa ngozi, mweupe, unaoonekana kwenye majani.

Na siku ukija kukagua, njoo jioni, umlete na mama watoto, aje na kikapu.