Pesa Zimekaa kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata mchoraji! Yuko mbali, simjui sura, sauti tu ya simu. Picha kumi na mbili za kitabu cha hadithi, Ijumaa saa nne ziwe mezani kwa mwalimu mkuu. Nikichelewa, uchapaji wote wa shule unahamia kwa Bwana Wino, jirani yangu mwenye mashine mpya na kiburi cha zamani. Mchoraji anataka nusu kwanza. Thubutu! Wa mwaka jana nilimlipa mapema, akaingia mitini. Nimemwambia pesa zote zitashikwa na mtu wa tatu, mwadilifu, asiye na upande. Kakubali. Sikumwambia kwamba mtu huyo ni mama mkwe wangu.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe kazifungia kabatini, ufunguo kautia shingoni. Nikamweleza asitoe kitu mpaka mimi niridhike. Akasema hapana, pesa itatoka kazi ikiisha, kutoridhika kwangu hakuna mwisho. Akaomba namba ya mchoraji. Nikampa! Sijui nilikuwa nawaza nini.

Jumatano, 5 Machi

Picha sita zimeingia. Nzuri mno. Shetani akanipitia: nikizikosoa, si atapunguza bei? Nikampigia, nikalalamika kuwa sungura wake anafanana na panya. Kisha akasema ataomba ushauri. Kwa nani? Baada ya saa moja mama mkwe akapiga. Ametumiwa picha zote sita. Anasema yeye amefuga sungura miaka tisa, na huyo ni sungura. Mke wangu kasikia kila neno. Aibu niliyoipata!

Alhamisi, 6 Machi

Mchoraji hapokei simu. Nimepiga mara kumi na saba. Bwana Wino kapita dirishani akipiga mluzi. Anajua kitu! Roho juu juu. Nikakimbilia kwa mama mkwe, nikamsihi anirudishie pesa, mchoraji katoroka. Akagoma. Anasema hajatoroka, anachora, na ameomba nisimsumbue. Wanaongea kila asubuhi! Anamwita "mwanangu". Mimi, mkwe wa miaka kumi na moja, ananiita "wewe".

Ijumaa, 7 Machi

Picha zimefika saa moja asubuhi. Kwa mama mkwe! Kakagua moja moja, kalipa, ndipo akanitumia. Nimefika shuleni nahema. Mwalimu mkuu kafurahi, kaagiza vitabu vitatu zaidi. Nilitaka kulia. Mchoraji yuko tayari, ila bei imepanda kidogo. Mama mkwe anasema nyongeza hiyo ni ya usumbufu wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Sipangiwi bei na watu wa kabatini. Nimepata mchoraji mwingine, nusu ya bei! Ana adabu, kacheka utani wangu wote. Kaomba alipwe zote leo, nikatuma papo hapo, bila mama mkwe, bila ufunguo. Mtu mwema unamjua kwa sauti. Simu yake haipatikani tangu saa saba. Bila shaka anachora.