Baa Mia na Themanini

Jumatatu, 4 Machi

Baba mkwe macho yake yamechoka. Jana alitangaza mbele ya wote kwamba haendeshi tena, na gari lake jeusi atampa mkwe atakayelitunza. Jumapili hii naliosha mimi. Ijayo ataliosha mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Namwita Pasi, maana hata kaptula yake ina mstari. Pasi ana mashine ya kuoshea kwa nguvu ya maji. Mimi nina ndoo!

Lakini gari lile ni haki yangu. Nimelitolea jasho la meno. Kila mgeni akija, mzee husimulia kwamba alilitoa dukani likiwa jipya, halijawahi kukaliwa na makalio mengine. Nami hushangaa upya kila mara. Pasi hushangaa pia, lakini kinafiki.

Jumanne, 5 Machi

Dukani. Muuzaji ni mama mwenye miwani. Kumbe nguvu za mashine hizi hupimwa kwa baa. Ya Pasi ni baa mia na kumi. Mama akasema kwa gari la nyumbani hiyo inatosha, nitazame tu kama bomba ni refu la kutosha kuzunguka gari lote. Inatosha! Huyu katumwa na Pasi.

Nikataka kubwa kuliko zote. Baa mia na themanini, ya kusafishia mitaro na zege. Akaniuliza gari langu limepatwa na nini.

Televisheni imeshauzwa. Mke wangu nimemwambia iko kwa fundi. Jioni nikamtangazia kwa fahari kwamba naleta nyumbani baa mia na themanini. Akasema baa moja aliyoolewa nayo inamtosha.

Alhamisi, 7 Machi

Imefika! Ina vichwa viwili vya kurushia maji. Cheupe hutawanya maji kama mwavuli. Chekundu hutoa mchirizi mwembamba kama sindano. Karatasi ya maelezo ina picha ya kichwa chekundu, na kando yake gari lililokatwa kwa mstari. Nimeelewa: uchafu utakatika.

Nimekijaribu kwenye zulia la mlangoni. Lilikuwa limeandikwa KARIBU. Sasa linasema KA. Mke wangu akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wivu tu.

Jumapili, 10 Machi

Ukoo mzima uani kwa mzee. Viti vimepangwa. Pasi kavaa nyeupe, kaja kunitazama nianguke. Mzee akarudia hadithi ya gari jipya. Wote tukashangaa.

Nikafunga chekundu. Nikawasha. Mashine ikanisukuma hadi kwenye maua ya mama mkwe, nikaipigania, nikaielekeza mlangoni mwa gari. Matope yakaruka! Watoto wakapiga makofi! Kisha rangi nyeusi nayo ikaanza kutoka, vipande vipande. Chini yake, njano. Nikadhani ni uchafu wa zamani, nikakaza. Njano ikaongezeka. Ikatokea T. Ikatokea E. Mpaka nilipopata kitufe cha kuzimia, mlango ulikuwa unasema TEKS.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Akasema ndiyo maana miaka yote watu walikuwa wakiwasimamisha barabarani. Mzee akaingia ndani bila kuniangalia. Maskini, nilimwonea huruma. Hata fimbo yake ya kutembelea aliisahau.

Pasi akaninong'oneza asante. Mbwa!

Jumatatu, 11 Machi

Gari amepewa Pasi, kwa sharti alipake rangi leo hii. Mimi nimepigwa marufuku kulikaribia. Mke wangu analia na kucheka kwa zamu, akiuliza fundi wa televisheni anaitwa nani.

Nimekaa nikatafakari kwa unyenyekevu. Kosa nimeliona. Mashine ilikuwa dhaifu! Ingekuwa na baa mia tatu, maandishi yote yangeng'oka kwa pigo moja na asingejua mtu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nyumba ya mzee haijaandikiwa mrithi, na ukuta wake wa mbele una ukungu. Ni ukuta wa udongo, umepakwa chokaa juu. Laini, hautanisumbua. Mzee na mama mkwe wanakwenda safari kesho asubuhi, hawarudi mpaka jioni. Watakuta nimemaliza.